Seli Moja Kuwa Mbili: Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima, Nyashimo

Somo hili limechapwa ili yule aliyechelewa shambani apate kulisoma, na yule aliyelisikia apate kulikumbuka. Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, usione haya kurudi nyuma na kusoma tena.

Leo tutajifunza jinsi mwili unavyokua. Tutaanza na swali. Mtoto wa miaka sita alikuwa mzima, akichunga mbuzi na wenzake. Siku moja mama yake anaona taya lake limevimba kidogo. Anadhani ni jino. Baada ya wiki chache uvimbe umekuwa kama chungwa, na meno yanalegea. Je, uvimbe huo umetoka wapi? Kwa nini umekua haraka kuliko kitu kingine chochote mwilini mwa mtoto? Na je, kuna jirani aliyeufanya?

Maswali haya yana majibu. Lakini ili tuyaelewe, hapana budi kwanza tujue mwili umejengwa kwa kitu gani.

MWILI UMEJENGWA KWA SELI

Tazama ukuta wa darasa lenu. Ukiwa mbali waona ukuta mmoja tu. Ukisogea karibu waona kwamba umejengwa kwa matofali mengi. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ngozi, damu, mfupa, ini na ubongo vimejengwa kwa vijumba vidogo sana vyenye uhai. Kijumba kimoja cha namna hiyo huitwa seli.

Huwezi kuiona seli ya ngozi kwa macho yako. Seli 50 zikipangwa katika mstari mmoja, zaweza kuenea ndani ya milimita moja. Tazama rula ya mwanao wa shule: milimita ni ule mstari mdogo kuliko yote. Kwa hiyo wataalamu hutumia hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu vidogo.

Tofali halina uhai. Likivunjika halijijengi. Seli ina uhai. Inakula, inafanya kazi, inachakaa, inakufa, na kabla ya hapo yaweza kuzaa seli nyingine. Ukijikata na jembe, kidonda hujifunga kwa sababu seli za ngozi kando ya kidonda zimezaa seli mpya. Nywele zinanyolewa na kuota tena. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na nyingine iliyotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa huchukua mahali pake. Hata wewe mwenyewe, mzee mwenye wajukuu, ulianza kama seli moja tu tumboni mwa mama yako.

Basi seli moja huwaje mbili? Haizai kama ng'ombe anavyozaa ndama. Hujigawanya katikati. Lakini si kama mtu anavyokata kiazi kwa kisu. Kuna jambo kubwa linalofanyika kwanza.

DAFTARI LILIMO NDANI YA SELI

Katikati ya seli kuna kiini. Ndani ya kiini kuna nyuzi nyembamba sana. Katika nyuzi hizo zimeandikwa amri zote za kuujenga na kuuendesha mwili: rangi ya macho, umbo la mkono, jinsi ya kutengeneza damu, na jinsi ya kupigana na maradhi. Uzi mmoja wa namna hiyo huitwa kromosomu. Amri moja iliyoandikwa juu ya uzi huo huitwa jeni.

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: SELI, KROMOSOMU, JENI. Kila mwanafunzi ayaandike katika daftari lake.

Mwanadamu ana kromosomu 46 katika karibu kila seli yake. Amepokea 23 kwa baba na 23 kwa mama. Idadi hii ilijulikana kwa hakika mwaka 1956, wataalamu Joe Hin Tjio na Albert Levan walipotangaza hesabu waliyoifanya huko Sweden. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, vitabu vilisema 48.

Kila kiumbe kina idadi yake. Ng'ombe ana 60. Punda ana 62. Mhindi una 20. Pamba tunayolima hapa kwetu ina 52. Kiazi kitamu kina 90. Usidhani kwamba mwenye nyingi ndiye mwenye akili zaidi. Kama ingekuwa hivyo, viazi vitamu vingetulima sisi.

Nyuzi zote 46 za seli moja zikinyooshwa na kuungwa moja kwa nyingine, urefu wake hufika karibu mita 2. Fikiri jambo hilo: mita mbili za uzi ndani ya kijumba kisichoonekana kwa macho!

Sasa tuchukue mfano tunaoujua sote. Kipo chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Chama kina madaftari 46. Humo yameandikwa majina ya wanachama, kilo za pamba za kila mtu, madeni ya mbegu na dawa, na taratibu za kazi. Siku moja wanachama wamekuwa wengi mno, wakakubaliana kwamba chama kigawanyike kiwe viwili. Je, karani afanye nini? Akikipa chama kimoja madaftari 23 na cha pili 23, vyama vyote viwili vitaharibika. Nusu ya hesabu haimfai mtu. Kwa hiyo karani anakaa chini na kunakili madaftari yote 46, ukurasa kwa ukurasa. Kisha kila chama kinachukua seti nzima.

Seli nayo hufanya vivyo hivyo.

JINSI SELI INAVYOGAWANYIKA

Kazi hii ina hatua tano. Zisome moja moja.

Hatua ya kwanza ni kunakili. Kila kromosomu inatengenezewa nakala yake. Kromosomu na nakala yake hazitengani bado. Hubaki zimeshikana kama mapacha waliofungwa mkanda mmoja kiunoni.

Hatua ya pili ni kujikunja. Uzi mrefu ukiuburuta ovyo utafungamana na kukatika. Kila mshonaji wa cherehani anajua hivyo, ndiyo maana uzi wa dukani huja umezungushwa vizuri. Kadhalika kromosomu hujikunja na kujizungusha mpaka zinakuwa fupi na nene. Wakati huo ndipo mtaalamu mwenye hadubini aweza kuziona wazi na kuzihesabu.

Hatua ya tatu ni kujipanga. Ukuta wa kiini unatoweka. Kromosomu zote, kila moja na pacha wake, zinasimama mstari mmoja katikati ya seli.

Hatua ya nne ni kuvutwa. Kutoka upande huu wa seli na upande ule, zinatokea nyuzi nyingine nyembamba ambazo kazi yake ni kuvuta kama kamba. Kamba ya upande mmoja inamshika pacha mmoja, na kamba ya upande wa pili inamshika mwenzake. Kisha zinavuta. Mapacha wanatengana. Kromosomu 46 zinakwenda huku, na 46 zinakwenda kule. Zikumbuke sana kamba hizi, maana tutazirudia tutakapozungumza juu ya dawa.

Hatua ya tano ni kukatika. Seli inajibana katikati kama kibuyu chenye kiuno, kisha inakatika. Viini viwili vimekwisha kutengenezwa. Palipokuwa na seli moja, sasa pana mbili, na kila moja ina madaftari yote 46.

Jambo moja zaidi. Seli haigawanyiki ovyo. Zimo jeni zinazosema, "Gawanyika," na zimo nyingine zinazosema, "Basi, imetosha." Kidonda kikijaa, seli za ngozi huacha kuongezeka. Tena, seli hukagua nakala zake. Ikiona kosa, husimama na kulirekebisha. Kosa likiwa kubwa lisilorekebishika, seli nyingi hujiua zenyewe ili zisiwaharibie wengine. Huo ndio utaratibu wa mwili ulio mzima.

TUPUMZIKE KWA HESABU

Chukua kalamu. Seli moja imegawanyika, zimekuwa 2. Hizo mbili zikigawanyika, zimekuwa 4. Halafu 8, halafu 16, halafu 32. Endelea mwenyewe mpaka mara ya kumi. Utapata 1,024.

Ukifika mara ya ishirini, zimepita milioni moja: 1,048,576. Ukifika mara ya thelathini, zimepita milioni elfu moja. Wingi huo wa seli ni uvimbe mdogo kama gololi ya mtoto. Sasa sikia vizuri. Zimetakiwa mara thelathini ili uvimbe uwe kama gololi. Lakini kutoka gololi mpaka chungwa, zatosha mara saba tu.

Hii ni hesabu ya karatasi. Mwilini seli nyingi hufa njiani, kwa hiyo mambo huenda polepole zaidi. Lakini hesabu hii inatufundisha jambo moja la kweli: kitu kinachoongezeka mara mbili, kisha mara mbili tena, huonekana kidogo kwa muda mrefu, halafu ghafula huwa kikubwa. Siku unayokiona kwa macho, kazi yake kubwa imekwisha kufanyika kwa siri. Basi usiseme, "Ni kidogo, tungoje."

UKURASA ULIOSHONWA MAHALI PASIPO PAKE

Sasa turudi kwa yule mtoto mwenye taya lililovimba.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile, tena hata tumboni. Akatafuta katika maandishi ya hospitali, akaona watoto wengi wamekufa kwa ugonjwa huo bila mtu kutambua kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Ugonjwa huo hata leo waitwa limfoma ya Burkitt. Ni namna ya saratani, ambayo watu wengine huiita kansa.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaenda safari ya kilometa 16,000 hivi, kutoka Kampala kupita nchi za mashariki mwa Afrika mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Kila hospitali waliwaonyesha waganga picha za watoto, wakauliza, "Ninyi mmeuona uvimbe kama huu?" Katika nchi za joto na mvua, kama vile kando ya Ziwa Victoria, waliambiwa ndiyo. Katika milima mirefu yenye baridi waliambiwa hapana. Ramani ya uvimbe ikafanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitazama seli za uvimbe zilizoletwa kutoka Uganda. Wakaona humo kirusi kipya. Kirusi hicho huenea kwa mate, na karibu watoto wote wa kwetu hukipata wakiwa wadogo bila kuugua. Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi kuleta ugonjwa.

Kilichobaki kilipatikana katika kromosomu. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, wataalamu wa Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waliona kwamba katika seli za uvimbe huu kromosomu ya 14 ni ndefu kuliko kawaida. Imeongezewa kipande. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakagundua kipande hicho kimetoka wapi: kimekatika kutoka kromosomu ya 8.

Turudi kwenye madaftari ya chama ili tuelewe maana yake. Katika daftari la 8 upo ukurasa wenye amri, "Gawanyika." Ukurasa huo husomwa kwa nadra, inapotakiwa tu. Katika daftari la 14 zipo kurasa za kutengenezea silaha za kinga dhidi ya maradhi. Katika seli fulani nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kurasa hizo husomwa mchana na usiku. Tena, askari hao wana desturi ya kukata na kuunga upya vipande vya daftari la 14 ili wapate silaha inayomfaa adui mpya.

Malaria inapomshika mtoto mara kwa mara, askari hao huitwa kazini bila kupumzika. Wanagawanyika sana na kukata sana. Kile kirusi cha mate nacho husaidia askari walioharibika wasife. Mahali penye kukata kwingi, siku moja hutokea kosa. Ukurasa wa daftari la 8 unashonwa ndani ya daftari la 14. Sasa ile amri ya "Gawanyika" iko kando ya kurasa zinazosomwa usiku na mchana. Basi inasomwa usiku na mchana. Seli hiyo haisikii tena neno "Basi." Na kwa kuwa kila seli hunakili madaftari yake yote kabla ya kugawanyika, kosa nalo hunakiliwa. Seli mbili, nne, nane, zote zina ukurasa ule ule mahali pasipo pake.

Kwa wagonjwa walio wengi kosa ni hilo la 8 na la 14. Kwa wachache kromosomu ya 8 huwa imebadilishana kipande na ya 2 au ya 22.

Je, tukizuia malaria, uvimbe utapungua? Jambo hilo lilijaribiwa kwa majirani zetu. Kati ya mwaka 1977 na 1982, sehemu za kaskazini za Mkoa wa Mara, watoto walio chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilishuka kisha ikapanda tena. Kwa hiyo wataalamu hawakuweza kusema kwa hakika kwamba vidonge ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Leo klorokwini haitumiki tena hapa nchini kutibu malaria, kwa sababu vijidudu viliizoea. Lakini chandarua chenye dawa bado humkinga mtoto anayelala ndani yake kila usiku. Malaria yenyewe inaua watoto wengi kuliko uvimbe huu, na kwa hiyo chandarua kina faida mara mbili.

HAKUNA JIRANI ALIYEUFANYA

Sasa twaweza kujibu lile swali la tatu. Uvimbe huu haukutupwa na mtu. Haukutokana na jicho la mtu, wala chakula cha mtu, wala macho mekundu ya bibi kizee aliyepikia kuni maisha yake yote. Umetokana na kosa la kushona ndani ya seli moja, katika mwili wa mtoto mwenyewe, mahali ambapo mkono wa jirani haufiki. Si kosa la mama. Si kosa la baba. Mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kucheza au kulala naye. Wala ukurasa huo hakuupokea kwa wazazi. Kosa limetokea baada ya yeye kuzaliwa.

Anayepoteza wiki tatu kumtafuta mchawi amepoteza wiki tatu. Uvimbe haukumngoja.

JINSI DAWA INAVYOFANYA KAZI

Habari njema ni hii: seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazouawa kwa urahisi na dawa. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa mapema. Uvimbe mkubwa wa taya waweza kunywea kwa siku chache baada ya dawa kuanza. Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza matibabu hupona.

Dawa mojawapo huitwa vinkristini. Hutolewa katika ua dogo la asili ya Madagascar, lenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba. Unazikumbuka zile kamba za hatua ya nne? Dawa hii huzizuia kamba zisijengeke. Kromosomu zinajipanga katikati ya seli, zinangoja kuvutwa, wala hakuna wa kuzivuta. Seli inakwama hapo, kisha inafa. Lakini sikiliza onyo: usilichemshe ua hilo nyumbani. Lina sumu. Hospitalini dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto na huingizwa katika mshipa wa damu.

Dawa nyingine huitwa siklofosfamidi. Hiyo huharibu nyuzi za kromosomu zenyewe, hata seli ikashindwa kunakili madaftari yake.

Dawa hizi hazijui kutofautisha sana. Huzipiga pia seli njema zinazogawanyika haraka. Kwa hiyo nywele za mtoto zaweza kunyonyoka, mdomo ukawa na vidonda, na damu ikapungua. Mzazi anayeona nywele zinadondoka asidhani mtoto anazidiwa, akamtorosha wodini. Mashina ya nywele yana seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana yameguswa. Dawa ikiisha, nywele huota tena.

Kadhalika usishangae uvimbe ukiisha na daktari akasema matibabu yaendelee. Kumbuka hesabu yetu. Uvimbe usioonekana kwa macho waweza bado kuwa na seli milioni. Ukiondoka hapo, zitaanza tena mbili, nne, nane.

YATUPASAYO KUFANYA

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 9, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Si wengi, ni mtoto mmoja mmoja. Lakini yafaa kila mzazi azijue dalili zake.

Taya linavimba, mara nyingi bila maumivu makali mwanzoni. Meno yanalegea ingawa hayajaoza. Jicho linatokeza. Tumbo linavimba na kuwa gumu. Pengine miguu inakosa nguvu ghafula.

Si kila uvimbe wa taya ni saratani. Jino bovu nalo huvimbisha, na mara nyingi huleta maumivu, joto na usaha. Lakini wewe na mimi hatuwezi kuhukumu kwa macho. Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya mara moja. Ikiwa amepewa dawa ya jino na uvimbe unazidi, usingoje dozi ya pili wala ya tatu. Rudi upesi, uombe barua ya rufaa. Kutoka Nyashimo barabara ya lami inapita Magu mpaka Mwanza, na huko ipo Hospitali ya Bugando, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Dar es Salaam hutibiwa Muhimbili.

Huko daktari atataka kukata kipande kidogo cha uvimbe. Usiogope. Hakati ili aueneze. Anataka kuzitazama seli kwa hadubini, maana bila kuziona hawezi kujua dawa gani itafaa. Habari za gharama ziulize katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Usirudi nyumbani kimya kwa kuona haya.

Najua kwamba nauli ni shida, hasa miezi ya kulima. Wako watakaosema, "Tungoje soko la pamba lifunguliwe, ndipo tumpeleke." Ndugu yangu, fanya hesabu. Soko la pamba lina miezi yake, na uvimbe huu una siku zake. Ni heri kuuza mbuzi leo. Au jamaa wa kitongoji wachange nauli, kama wanavyochanga penye msiba. Tena ni bora kuchanga mtoto akiwa hai. Nanyi waganga wa kienyeji mnaojifunza nasi, watu huwajia ninyi kwanza. Mkimwona mtoto wa namna hii, mwelekezeni hospitali siku hiyo hiyo. Mtakuwa mmemtibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA

Seli: kijumba kidogo chenye uhai, mwili umejengwa kwa seli nyingi.
Kiini: sehemu ya katikati ya seli, palipo na kromosomu.
Kromosomu: uzi ulioandikwa amri za mwili, mwanadamu ana 46.
Jeni: amri moja katika kromosomu.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo.
Rufaa: kupelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini seli hunakili kromosomu zake zote kabla ya kugawanyika?
2. Taja hatua tano za kugawanyika kwa seli. Mwanafunzi mmoja azichore ubaoni.
3. Seli 8 zikigawanyika mara tatu, zitakuwa ngapi?
4. Kwa nini nywele hunyonyoka mtoto anapotibiwa?
5. Katika kitongoji chenu, mtoto akivimba taya leo, nani ataweza kutoa nauli ya Mwanza kesho? Zungumzeni, mkubaliane, na mwandike majina.